Mluzi Kifuani mwa Jepkoech

"Kinakuja na wewe," Kogo alisema bila kugeuka kutoka motoni. "Ukiwa kazini, mtoto anapumua vizuri. Ukifika mlangoni tu, kifua kinaanza."

Chepkemboi angemjibu Kogo, mama mkwe wake, vikali, ila alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Jepkoech, bintiye wa pekee, alikuwa amemning'inia shingoni kwa furaha, na mle kifuani mluzi ulikuwa ukipanda, mwembamba, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Chepkemboi aliogopa, tena sana.

Asubuhi alimbeba mgongoni hadi stesheni ya Molo, wakapanda gari la moshi kwenda hospitali ya Nakuru. Huko Wasike, mpima damu asiyejua kunyamaza, alimtoa mtoto tone la damu, kisha akamwita mama kwenye darubini.

"Njoo uchungulie, mama. Hazing'ati!"

Ziliogelea mle chembe nyeupe za damu, nyingi ajabu, matumbo yamejaa punje nyekundu. Chepkemboi aliona kama zinamtazama.

"Ni walinzi wa mwili hao," Wasike alisema. "Wakidhani adui kaingia, wanavamia kifua. Njia za pumzi zinavimba, hewa inapita kwa shida, ndiyo inapiga mluzi. Hiyo ni pumu."

"Adui gani? Nani ametutumia?"

"Hakuna aliyetuma. Pengine ni vumbi tu." Akapiga chafya. Akapiga tena. "Lo! Kwani unafanya kazi gani, mama?"

"Nakausha maua ya pareto kwa mzungu." Kisha akaongeza, kwa fahari ya mzazi, "Hata godoro la mtoto nimelijaza pareto, viroboto wasimguse."

Wasike akalitazama vumbi la maua kwenye nguo za mama, kisha akamtazama mtoto. Maskini Chepkemboi alimtazama usoni, akaelewa, na machozi yakamtoka palepale.

Waliporudi, alilizika godoro nyuma ya nyumba. Nguo za kazi akazitupa mbali, akamwambia Kogo amnyoe nywele zote, akajisugua kwa maji baridi ya Molo mpaka meno yakagongana. Ndipo akaingia, amevaa gauni la Kogo.

Kifua cha Jepkoech kilikuwa kimya. Chepkemboi akapiga magoti, akafungua mikono.

Mtoto alimkaribia, akamnusa shingoni, akarudi nyuma.

"Kogo," akauliza, "mama atakuja saa ngapi?"

Akaenda kusimama mlangoni, akaitazama njia ya kutoka shambani. Hapakuwa na mtu, ila upepo ulileta harufu ya pareto. Jepkoech akatabasamu, akapunga mkono.