Taa Isiyoingia Maji

Loyce aliyeyusha nta ya nyuki kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya jiko la mkaa, akaikoroga kwa kijiti. Nta ilikuwa ya Itigi, maana ya huko haina takataka nyingi. Pembeni yake palikuwa na chupa pana ya plastiki iliyowahi kuwekwa siagi ya karanga, na ndani ya chupa taa ndogo za pikipiki. Waya ulitokea kwenye tundu la kifuniko. Tundu hilo ndilo lililomkosesha raha.

Taa za namna hii huzamishwa chini ya gati la mbao la Mzee Chediel, ziwani Kitangiri, mara jua linapozama. Samaki wanakuja kushangaa mwanga na wavu unawapokea. Taa ikiingia maji inazimika, na samaki hawashangai giza.

Loyce alikuwa na namna yake ya kupima. Alitia unga mkavu wa mahindi kidogo ndani ya chupa, akaifunga, akaizamisha kwenye ndoo na kuikandamiza kwa jiwe mpaka kesho yake. Unga ukibaki unga, taa inafaa. Ukigeuka uji, anaanza upya. Mara nyingi alipata uji. Nta inaziba vizuri kwenye ubaridi, lakini taa ikiwaka inapata joto, nta inalegea, na maji hayangoji kukaribishwa.

Ni taa moja tu isiyozimika, ile ya nguzo ya mwisho. Aliifunga kwa nta ileile kama zile nyingine, nayo ilikuwa inawaka tangu mumewe Peniel alipotoweka. Mzee Chediel aliisifu sana taa hiyo. Lakini mzee hakumsifu Peniel, aliyekuwa mzamiaji wake. Alitangaza kijijini kwamba ametoroka na betri moja ya gati, na watu wakakubali, ingawa betri yenyewe waliiona sebuleni kwa Chediel ikiendesha televisheni kila walipokwenda kuangalia mpira.

Mke wa mwizi aliyetoroka si mjane. Hapewi pole wala hakaliwi matanga. Mama mkwe wake, Bibi Magreth wa Iguguno, aliacha kupokea simu zake. Loyce alitaka jambo moja tu: kama Peniel amekufa, azikwe Iguguno kando ya baba yake, na yeye alie hadharani kama wanawake wengine.

Jioni moja alikwenda gatini kuangalia taa ile ina siri gani. Akalala kifudifudi kwenye mbao, akachungulia. Peniel alikuwa chini pale, amekumbatia chupa, kidole gumba kimeziba tundu la waya. Alivaa fulana ya njano aliyoondoka nayo nyumbani. Perege walimzunguka, wengine wakimdonoa ndevu. Kiunoni alikuwa na kamba, na kamba ilifungwa kwenye jiwe la kusagia.

"Za jioni, Mama Joshua," alisema. Maneno yalipanda na mapovu.

"Nzuri. Kumbe uko hapa."

"Niko. Nta yako inalegea ikipata joto."

"Najua."

Akamweleza yaliyompata. Mzee Chediel alimfunga jiwe ili asielee wakati anaziba tundu, na ncha ya pili ya kamba akabaki nayo juu, amvute akiitikisa. Simu ya mzee ikaita. Mtandao pale gatini ni wa kuokoteza, kwa hiyo aliifunga kamba kwenye msumari akaenda kuongelea kule kwenye mwamba ambako kila mtu huenda kuongelea. Peniel aliitikisa kamba mpaka akachoka. Mzee aliporudi aliikata kwa panga, akabeba betri moja akaenda nayo kwake.

"Alikuwa anaongea na mnunuzi," Peniel alisema, kama anayemtetea.

"Toka basi."

"Fundo limevimba. Halafu nikiachia, taa inaingia maji."

Hapo Loyce alipandwa na hasira, na ni haki yake. Mtu anauawa na tajiri wake, halafu anabaki kumlindia taa!

Asubuhi alimkuta Chediel akinywa chai na viazi vitamu. Alimwamkia, mzee akaitika.

"Mzee, mume wangu yuko chini ya gati lako."

"Najua, mama. Anafanya kazi vizuri."

"Naomba wazamiaji wako wanitolee, nikamzike."

Chediel alimenya kiazi. Wote waliojua kuzama walikuwa watu wake, na hilo hakulazimika kulisema. "Msimu huu siwezi kukaa na taa mbovu," alisema. "Niletee taa isiyoingia maji, nami nitakupa mtu wako."

Loyce akafanya kazi kama mwenye homa. Alijaribu gundi ya madirisha, akapata uji. Alijaribu lami, akapata uji mweusi. Mwishowe aliacha kushindana na joto, akalikimbia. Alichukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, chenye urefu wa mkono, akakikaza kwenye kifuniko kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa hadi kugoma. Waya akaupitisha ndani ya mpira, na nta akaitia kule kwenye ncha ya mbali, ambako maji ni baridi na joto la taa halifiki. Akaiwasha, akaizamisha. Kesho yake alifungua chupa, akachota unga kwa kidole na kuupuliza. Ukaruka kama vumbi. Alikaa chini akalia kwa furaha, peke yake, na unga puani.

Jioni akaipeleka gatini. Alikuwa ameshampigia Bibi Magreth kwa simu ya jirani, na bibi alifika kwa bodaboda, amejifunga khanga za msiba. Mwenyekiti wa kitongoji, Antipasi, aliyesoma na Peniel darasa moja, alikuja na muhuri mfukoni kwa ajili ya kibali cha kuzika.

Chediel aliukagua unga. "Kazi nzuri. Mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Achukue marehemu wake."

Bibi Magreth akainama ukingoni amwone mwanawe.

"Shikamoo, mama," ilitoka majini.

"Marahaba, baba," bibi akaitika, maana aliitika hivyo tangu Peniel alipojifunza kusema. Halafu akajipiga kofi la mdomo.

Antipasi alisikitika kwa dhati. "Mnaona shida yangu? Mtu anayeamkia hazikwi."

"Basi yuko kazini," alisema Chediel. Akaagiza taa mpya nayo apewe Peniel, kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa hauna kazi.

Samaki walikuja kuliko mwaka wowote. Chediel alipelekea kila nyumba perege, na kila nyumba ikala. Walikuwa watamu, hilo halina ubishi.

Loyce alirudi gatini. "Mama akija tena, nyamaza. Mara moja tu."

"Nimnyamazie mama? Naye amenisimamia pale juu?"

"Umekufa, Peniel."

"Najua. Wengine nitawanyamazia. Lakini yule ni mama."

Kwa hiyo akaenda Iguguno, akapiga magoti mbele ya mkwewe, akamwomba asikanyage gatini tena mpaka siku ya jeneza. Bibi Magreth aliapa huku akilia. Loyce akamwita Antipasi. Mwenyekiti alisimama kwenye nguzo ya mwisho jua likizama, akaita jina la Peniel, akaita tena. Majini kimya. Akatoa karatasi, akaupulizia muhuri pumzi ya moto.

Ndipo bodaboda iliposikika. Chediel alikuwa amemtuma dereva amwambie bibi kwamba mwanawe anamuulizia, na mama gani akae na habari kama hiyo? Mzee alimpokea mwenyewe, akamshika mkono kwenye mbao zenye utelezi. Alikuwa amemwekea kiti cha plastiki ukingoni, na mto mdogo juu yake.

"Kaa, mama, usichoke."

Bibi Magreth aliona muhuri, akaona uso wa Loyce, akaelewa. Akakaa, akajaza khanga mdomoni na kuing'ata. Kivuli chake kikaanguka majini.

"Shikamoo, mama."

Hakuna aliyeitika. Loyce alimshika mkwewe begani kwa nguvu.

"Shikamoo, mama," Peniel alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtoto anayedhani hakusikika. Kisha akasema, "Mama, nimekukosea nini?"

Khanga ilianguka.

"Marahaba, baba. Marahaba, mwanangu."

Antipasi akaukunja mkono wenye muhuri na kuurudisha mfukoni. Taa zote mbili mikononi mwa Peniel zilikuwa zinawaka, na ile ya Loyce haikuwa imeingia hata tone. Wavuvi walipoanza kukunja mikeka waliyokuwa wamekalia ili wateremshe wavu, mmoja alikinyanyua kile kiti akiondoe njiani.

"Kiache hapohapo," Chediel alimwambia. "Mama atakuja kesho."