Rivolva ya Mkono wa Kushoto

Majambazi walipomvunja kifundo cha mkono kwa nondo, mwenye duka la dawa hakulia mbele yao. Alilia hospitalini, mara moja tu, mfupa ulipokuwa unanyooshwa, kisha akafuta machozi na kuuliza atafungua duka lini. Hata plasta ilipotolewa, mkono wa kulia ulibaki mlegevu. Kifuniko cha chupa tu kilikuwa kinamshinda.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja na maneno aliyokwisha kuyapanga. "Liachie hilo duka, shemeji. Nitalinunua mimi. Wewe njoo kwetu upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka? Nimeomba kibali cha silaha, na kimetoka. Kesho naenda kununua."

Shemeji aliguna. Kesho yake, hata hivyo, alijitokeza mlangoni, suruali imenyooka kwa pasi, akisema mwanamke haendi peke yake mahali kama pale.

Muuza silaha, mzee mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliwapokea vizuri, ila maneno yote alimwelekezea shemeji. Aliweka bastola mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa rivolva, ile yenye silinda ya kuzunguka, risasi sita basi. Nyingine ilikuwa nyeusi, nyembamba, yenye magazini iliyojaa risasi ndani ya mpini.

"Chukua hii ya magazini," shemeji akasema. "Hiyo nyingine ni ya enzi za babu."

"Mzee," mwenye duka akamwambia muuzaji, "mwenye kibali ni mimi. Zungumza na mimi."

Mzee akavaa miwani, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Akawapeleka nyuma, kwenye banda refu la kulengea shabaha.

Wakaanza na ya magazini. Ilimkaa vizuri kiganjani, lakini risasi haingeingia mtutuni mpaka aivute ile sehemu ya juu nyuma kwa nguvu, yaani aikoki. Akavuta, ikagoma. Akabadilisha mikono, ikarudi nusu, risasi ikakwama.

"Lete, nitakuwa nakukokia," shemeji akacheka.

"Kwa hiyo majambazi niwaombe wakusubiri?"

Mzee akaingilia. "Mama, unaweza kukaa nayo imeshakokiwa."

"Na ikikwama?"

"Unaivuta tena."

"Kwa mkono upi?"

Mzee akampa rivolva. Kifyatulio chake kilikuwa kizito, lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Risasi ya kwanza ikaenda zake ukutani, na ya pili vilevile, bega likamuuma. Ya tatu ikatoboa karatasi. Akapiga mpaka silinda ikaisha.

"Isipolia?" akauliza.

"Vuta tena tu. Inazunguka, inaleta nyingine."

"Nifungie hii."

"Risasi sita tu, shemeji!" shemeji akalalamika. "Basi angalau nikutunzie mimi nyumbani. Wewe una hasira."

"Ninazo, tena nyingi. Ningekuwa sina, duka lingeshakuwa lako."

Mzee akajifanya anakohoa.

Mwenye duka akawa anarudi pale bandani kufanya mazoezi, kwa mkono ule ule wa kushoto, mpaka bega likazoea. Jioni moja wanaume wawili walishuka kwenye pikipiki, wakaingia dukani na kofia zao ngumu. Mmoja akashusha komeo la mlango. Mwingine akachomoa nondo kwenye koti.

Kabla hajaiinua, rivolva ilishatoka chini ya kaunta.

"Mkono mmoja mlishauvunja," akawaambia. "Huu hamuupati. Fungua mlango, mtoke."

Wakatazamana. Komeo likapanda, pikipiki ikanguruma, wakaondoka.

Mwenye duka akakaa sakafuni. Akapiga simu polisi, akanywa maji. Dakika chache baadaye shemeji alifika anahema. Jirani alikuwa amempasha habari.

"Funga duka twende, shemeji!"

"Nenda wewe," akamjibu, huku akiinuka kumhudumia mama mmoja aliyeingia na mtoto mwenye homa. "Mimi niko kazini."