Nyumba ya Mama Eva Kwenye Malisho

Efrazia alikuwa amepiga magoti sebuleni, mikono imezama kwenye samadi mbichi, anasiriba sakafu, aliposikia mtu anakohoa mlangoni kwa adabu. Alikuwa Bura, mgambo wa kijiji, kavaa koti lake la kijani lililoishiwa vifungo. Kwa mkono mmoja alishika mkebe wa rangi nyekundu, kwa mwingine brashi.

"Shikamoo, Mama Eva."

"Marahaba. Na rangi asubuhi yote hii, unakwenda wapi?"

"Nimefika. Nimetumwa nikuwekee alama ya X."

"Ya nini?"

"Ya kubomoa," alisema Bura, kwa sauti ile ile ambayo angesema chanjo ya ng'ombe itakuwa Jumanne. "Uniazime kigoda, mama. Wamesema ionekane kutoka barabarani, na mimi unaniona nilivyo mfupi."

Efrazia alimwambia barabara iko nyuma ya nyumba. Bura akashukuru, akasema hata yeye angependa nyuma, mbele asiharibu sura. Kigoda kilikuwa kinayumba, kwa hiyo Efrazia alimshikia mkebe ili asianguke. Baadaye, alipopata nafasi ya kufikiri, jambo lililomuudhi kuliko yote lilikuwa hilo la kumshikia mkebe.

Nyumba yenyewe haikuwa kubwa. Efrazia na mumewe Margwe waliijenga kwa mbaazi na vitunguu saumu, msimu mmoja ukuta, msimu mwingine madirisha. Matofali walichoma wenyewe. Bati zilitoka Katesh juu ya baiskeli, mbili mbili, Margwe akisukuma na upepo ukitaka kumrusha. Ilibaki saruji ya sakafu tu, na ilikuwa inabaki kila mwaka. Kumwambia Efrazia kwamba nyumba hiyo itabomolewa ilikuwa sawa na kumwambia arudishe ujana wake.

Alinawa, akajifunga kitenge kizuri, akaenda ofisi ya kijiji.

Gisamudi ni kijiji kidogo, ukitoka Mogitu kwa baiskeli hujachoka unafika. Siku hizo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, unanukia rangi, na kila mkubwa aliyeteuliwa alitaka kuonyesha kazi. Kazi iliyofika Gisamudi ilikuwa mpango wa matumizi bora ya ardhi. Ramani yake ilikuwa imebandikwa ukutani ofisini, ina mihuri na rangi nzuri kuliko kalenda ya parokia.

"Mama Eva," alisema Ezekiel, mtendaji wa kijiji, akigusa ramani kwa kalamu, "hapa ulipo ni malisho."

"Hapa nilipo ni ofisini kwako."

"Nyumbani kwako, nina maana. Njano ni kilimo. Nyekundu ni makazi. Kijani ni malisho. Wewe uko kwenye kijani."

"Jana usiku nililala wapi?"

Ezekiel alilifikiria swali hilo kwa haki. Alikuwa mtu mwaminifu sana kwa karatasi. "Kwa mujibu wa ramani," alisema, "ulilala nyasini."

Efrazia aliiangalia ramani, na pole pole akakumbuka siku ilipochorwa. Ilichorwa uani kwake, kwa sababu ua wake ulikuwa tambarare. Afisa ardhi wa wilaya, kijana mmoja aitwaye Patriki, alisema kwamba siku hizi serikali haichori peke yake, wananchi ndio wanachora. Basi wananchi wakachora chini. Majivu yakawa barabara, maharage yakawa mashamba, majani mabichi yakawa malisho. Nyumba zikawa vizibo vya soda, lakini vizibo vikaisha ikiwa imebaki nyumba moja pembeni, ya Efrazia mwenyewe. Patriki akasema hakuna shida, akaweka punje ya hindi.

Kisha wataalamu wakaingia ndani kula jogoo aliyechinjwa na Efrazia kwa heshima yao, kuku wengine wakabaki uani. Walipotoka, wakichokonoa meno, Patriki alinakili kwenye karatasi kubwa kila kilichokuwepo chini.

"Ezekiel," alisema Efrazia, "nyumba yangu ililiwa na kuku."

"Na mimi nilifikiri hivyo," alisema Ezekiel. "Kuku alikuwa wa nani?"

"Wa kwangu."

"Basi," alisema Ezekiel, na akafunga kalamu yake.

"Basi nini? Si mrekebishe!"

"Kuna utaratibu. Unaniandikia barua, naipeleka kata, kata wanaipeleka wilayani, wilaya wakipata mafuta ya gari wanakuja kupima tena."

"Na kubomoa je?"

"Kubomoa hakuhitaji mafuta. Bura anatembea kwa miguu." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza: "Leo mchana ni mkutano mkuu wa kijiji. Bwana Patriki anakuja kupitisha mpango na sheria ndogo. Uliza huko. Ila uwahi, kwa sababu jioni wanaanza na nyumba ya mfano, na mfano ni wewe."

Mkutano ulifanyika nje ya ghala la kijiji. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu tangu saa sita, na karibu kila mtu alikuwa ameanika mahindi nyumbani, kwa hiyo watu walikaa kwa makalio ya upande mmoja. Patriki alisimama mbele ya meza iliyofunikwa kitambaa, akasema neno "kimsingi" mara nyingi kiasi kwamba watoto waliokuwa ukutani walianza kulingojea.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mfugaji mmoja mrefu, Gidabuday, ambaye kwa kawaida haji mikutanoni kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, ng'ombe hawana mkutano.

"Mimi nauliza," alisema, akiegemea fimbo. "Hii kijani mliyotupa ni mawe. Na nyumba ya huyu mama. Ng'ombe wangu hali mawe na hali bati. Majani yako kule chini, bondeni. Kule mmepaka rangi gani?"

"Kule ni rangi ya kahawia," alisema Patriki.

"Kahawia ni nini?"

"Eneo la uwekezaji."

"Nani huyo anawekeza?"

"Kimsingi bado hajapatikana."

Watu wakacheka, lakini si sana. Waliyajua mashamba makubwa ya ngano upande wa pili, na walijua jinsi mtu ambaye hajapatikana anavyopatikana ghafla, na uzio juu. Mwalimu mmoja mstaafu aliuliza ni nani aliyeweka kahawia hiyo, maana siku ya kuchora chini hawakuweka kitu bondeni, hata kizibo. Patriki alisema hiyo ilitoka juu. Mwalimu akatazama juu, wingu likazidi kuwa jeusi.

Ndipo Efrazia akasimama. Alikuwa amejiandaa kueleza habari ya kuku, lakini alipoona Patriki anavyotazama saa, aliona kwamba habari ya kuku itachekesha watu na nyumba itaanguka vile vile. Akauliza jambo jingine.

"Bwana afisa, kwenye malisho kinaruhusiwa kitu gani?"

Patriki alifurahi kupata swali lenye jibu. Akasoma: "Mifugo, majosho, mabirika ya maji, mazizi, pamoja na wachungaji wa mifugo hiyo. Si vinginevyo."

"Zizi la matofali linaruhusiwa?"

"Zizi ni zizi, mama. La miti, la matofali, kimsingi ni zizi."

"Na mchungaji akilala humo na ng'ombe wake?"

"Mchungaji anatakiwa awe karibu na mifugo. Ni vizuri hata kiusalama."

"Ezekiel, umeandika?"

"Naandika," alisema Ezekiel, kichwa chini.

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya kitambaa cha meza. Mwenyekiti akaruka juu. "Wanaoafiki mpango wanyooshe mkono juu!" Mikono ikapanda, na watu wakiwa tayari wamesimama, mguu mmoja njiani. Margwe, mume wa Efrazia, alikuwa amenyoosha mkono wake tangu mwanzo wa mkutano, akiomba kuuliza kuhusu nyumba yake. Walimhesabu na yeye.

"Mimi nilikuwa na swali!" alilalamika walipokuwa wakikimbia kwenda nyumbani.

"Umelipigia kura," alisema Efrazia. "Kimbia. Jamaa wanakula nyama kwa mwenyekiti, wakimaliza wanakuja. Ingiza ng'ombe ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya nyumba, Baba Eva."

Margwe alisimama katikati ya mvua. "Mama yangu alilala na ng'ombe nyumba moja maisha yake yote," alisema. "Bwana afya akaja na kipaza sauti, akatutukana kijiji kizima, akasema mtu na mnyama hawalali pamoja. Tukawatoa. Sasa leo..."

"Sasa leo huyu anatutoa sisi. Kimbia, nimekwambia."

Ng'ombe wa baba na babu wa Margwe walijua kuingia nyumbani bila kuambiwa. Hawa wa sasa walikuwa wamesahau. Yule mweusi alisimama kizingitini akishangaa mapazia. Eva, binti yao, aliyekuwa amerudi kutoka shule ya kata akiwa bado na sare, alimvuta kwa pembe huku baba yake akisukuma nyuma. Meza ilisogezwa, picha ya Moyo Mtakatifu ikapandishwa juu zaidi. Sakafu aliyoisiriba Efrazia asubuhi ilikanyagwa yote, naye aliiangalia akataka kulia, akacheka, kisha akaenda kukata majani.

Patriki alifika mvua ikiwa imekatika. Alikuja na Ezekiel, na Bura akiwa na nyundo kubwa ya kuazima.

"Hodi!"

"Ingia tu," alijibu Efrazia. "Zizini hakupigwi hodi."

Patriki aliingia, na kiatu chake cha kwanza kikaingia mahali pabaya. Alitazama ng'ombe mweusi karibu na kabati la vyombo, ndama chini ya dirisha, na Margwe kasimama na fimbo akijaribu kuonekana mchungaji.

"Mama, hii ni nyumba ya kuishi."

"Ilikuwa. Mkutano umeamua hapa ni malisho, na sisi ni watu wa kutii. Sasa ni zizi. Sisi wachungaji."

"Na huyu?" Patriki alimwonyesha Eva, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na daftari la hisabati, mgongo kauegemeza kwa mtamba.

"Mchungaji. Yuko kidato cha pili."

Patriki alimgeukia Ezekiel. Ezekiel, mwaminifu kwa karatasi, alikuwa ameshafungua muhtasari. Akasoma bila kutia chumvi: "Jibu la afisa ardhi. Zizi ni zizi. La miti, la matofali, kimsingi ni zizi. Mchungaji awe karibu na mifugo."

"Nilisema hivyo?"

"Mbele ya mkutano mkuu. Na mpango ukapitishwa."

Bura alishusha nyundo taratibu. Patriki alitembea sebuleni, akachungulia chumbani, na alipotoka uso wake ulikuwa umepata nafuu. Alikuwa ameona kitu ambacho sheria ndogo haikukitaja.

"Zizi sawa," alisema. "Lakini kitanda si kifaa cha mifugo. Kimsingi kitanda kitoke."

Efrazia alitaka kubishana. Margwe akamgusa bega. Wakakitoa kitanda, kile cha mninga walichopewa siku ya harusi yao, Bura akisaidia na kuomba radhi kila walipogonga mlango, wakakiweka uani kwenye tope, na godoro juu yake. Patriki alikipiga picha. Ripoti yake ilipata kitu cha kuonyesha, na sheria ilikuwa imetekelezwa. Akaagana nao kwa heshima zote, akasema angependa wananchi wote wawe na uelewa kama wao. Gari likawaka, likateremka kuelekea bondeni, kule kwenye kahawia, likapotea.

Efrazia alisimama uani akiangalia ukuta wa nyumba yake. Ulikuwa umesimama. Alifurahi, na ndani ya furaha hiyo alikuwa na hasira ambayo hakujua aipeleke ofisi gani.

"Shika huko," alimwambia Margwe.

Alishika kichwa cha kitanda, Margwe akashika miguuni, wakakirudisha sebuleni, wakakipitisha kwa shida kati ya kabati na ndama, mpaka mlango wa chumbani. Hapo wakasimama. Ng'ombe mweusi alikuwa ameingia chumbani, akalala pale pale kitanda kilipokuwa, anacheua.

"Ssh! Toka!" alisema Margwe.

Ng'ombe alimtazama.

"Mpige kidogo," alisema Margwe.

"Nimpige kwa kosa gani?" alisema Efrazia. "Humu ndani ndiye peke yake mwenye kibali."

Wakabaki wamesimama, kitanda mikononi, wakimsubiri amalize kucheua.