Nta ya Mzee Ndululu

Kabla Ndeti hajapewa pikipiki, Matiliku nzima ilijua kwamba mkewe Nthenya ana sauti ya kifaranga, na aliyemtania zaidi ni Ndeti mwenyewe. Alipokwenda kumposa aliwaambia ndugu zake kwamba anaoa mke ambaye hata wakigombana, majirani watadhani ni mlango unalilia mafuta. Nthenya alicheka, akaolewa, na sauti ile nyembamba ikawatosha miaka yote. Akiita kutoka mtoni kule bondeni, Ndeti aliisikia akiwa shambani juu, akaitika.

Kisha chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kikampa kazi na pikipiki, na Ndeti akawa mtu. Wakamwita Bwana Pamba. Asubuhi alitoka Matiliku kwa barabara ya vumbi, polepole, akikwepa mashimo na mbuzi. Akifika mji wa Sultan Hamud aliingia barabara ya lami ya Mombasa, akalalia tangi na kuiachia hadi Malili, iliko ofisi ya chama. Lami aliipenda kuliko chakula. Helmeti yake ilifunika utosi peke yake, kama bakuli lililopinduliwa, na masikio yakabaki nje kupunga hewa.

Wa kwanza kujua kuna kitu kimepotea alikuwa Nthenya, kwa sababu kilichopotea kilikuwa chake. Alisema chai iko tayari, Ndeti hakugeuka. Alisema kuku ameangua, Ndeti akaendelea kukwangua tope kwenye kiatu. Nthenya alidhani amenuniwa, naye akanuna, wakanuniana siku kadhaa bila mmoja wao kujua kosa. Lakini Muthama, mwana wao aliyekuwa ameanza kuvunja sauti, akisema neno moja baba yake alilisikia. Ng'ombe dume alimsikia. Ngoma ya kanisani aliisikia vizuri kabisa. Ni mke na vifaranga tu waliokuwa wamehamishwa duniani. Wanaume sokoni walisema huo ni ugonjwa ambao wengine wangeuombea usiku na mchana.

Alasiri moja Ndeti alikaa kwenye kigoda uani, akavua helmeti, akamwambia mkewe aende akazime pikipiki. Nthenya aliangalia. Pikipiki ilikuwa imesimama chini ya mgunga, kuku mmoja amelala kwenye kiti chake. Hata hivyo alienda, akaigusa injini, akarudi kumwambia imezimwa.

"Mbona basi inanguruma?" Ndeti aliuliza.

Siku iliyofuata Nthenya alienda Sultan Hamud kwa Salim, aliyeuza vipuri vya baiskeli na pikipiki karibu na stesheni. Salim alikuwa mtu wa Mwingi, wa ukoo uliotoka pwani zamani, na ukitaka kusema naye ilibidi uzunguke upande wake wa kulia. Ujanani alipitisha vitambaa vya kuuza kwa pikipiki, na sikio la kushoto, alisema, aliliacha barabarani. Akililalia la kulia, mkewe anaweza kudai talaka usiku kucha, yeye akaamka asubuhi akauliza chai iko wapi.

Alipomaliza kucheka alimweleza. Kosa si la injini, ni la upepo. Mtu akiikimbiza pikipiki kwenye lami, upepo unaingia chini ya helmeti, unazungukazunguka pale sikioni na kupiga kelele kuishinda injini yenyewe, na mwenyewe hashtuki kwa sababu anadhani upepo ni upepo tu. Helmeti ya kufunika masikio ingefaa, lakini yeye hakuwa nayo. Ajifunge skafu nzito shingoni mpaka taya, na masikio ayazibe kwa pamba iliyokandwa na nta.

"Hapo atapona?" Nthenya aliuliza.

"Kilichobaki kitabaki, shemeji. Kilichoenda kimeenda. Sikio si jino la mtoto."

Nthenya alipata nta kwa baba yake, Mzee Ndululu, aliyekuwa na mizinga ya nyuki kwenye migunga yote ya upande ule. Pamba ilikuwa ya shamba lao. Nthenya alivikanda pamoja karibu na moto, akavifinyanga kwa kupima masikio ya mumewe kama fundi anayepima nguo. Ndeti alichekacheka kwamba sasa Bwana Pamba ameanza kuvaa kazi yake. Lakini jioni aliporudi kutoka Malili, Nthenya alisema kwa sauti yake ya kawaida, kutoka jikoni, kwamba chumvi imeisha. Ndeti akajibu kwamba atanunua kesho. Nthenya akaacha mwiko, akachungulia mlangoni. Halafu Nthenya akasema tena kwamba chumvi imeisha, ingawa haikuwa imeisha.

Furaha hiyo haikudumu, na kilichoikata ni salamu.

Kule kwetu mzee akikuambia "Wakya", wewe uliye mdogo unajibu "Aa". Ni neno dogo, halina uzito hata wa njugu, lakini ukimnyima umemvua mzee nguo barabarani. Na mzee huyo akiwa ni baba mkwe, afadhali ungemwangukia na pikipiki, watu wangesema ni ajali. Ndeti alikuwa anatoka lamini, na kwenye vumbi alipaswa kuvitoa vile vizibo, lakini akasahau. Mzee Ndululu alikuwa amesimama kwenye kona na fimbo yake. Akamsalimu. Ndeti alipita polepole, macho kwenye mashimo, akamwachia mzee vumbi. Watu wawili waliokuwa wakichunga waliona yote, na kufikia jioni walioona walikuwa watu kumi.

Kesi ilikaliwa uani kwa mzee. Ndeti alileta mbuzi, na mzee hakumtazama hata mbuzi. Nthenya, aliyekuwa akigawa chai, aliomba ruhusa akaeleza habari za upepo. Wazee wa kanisa walimsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akasema kwamba yeye amepigwa na upepo tangu azaliwe na hajapoteza hata ukucha.

"Nta ni yangu," Mzee Ndululu alimwambia binti yake. "Sikukupa ukamzibe mtu asinisikie."

Nthenya alikuwa kati ya baba na mume, birika mkononi. Alichoweza kufanya ni kumwaga chai. Ndeti alitoa vizibo mfukoni, akaviweka juu ya kigoda mbele ya wazee, akaapa kwamba hataingiza kitu chochote masikioni mwake maisha yake yote. Mbuzi akapokelewa. Watu wakala, wakasifu nyama.

Tangu siku hiyo Nthenya alibakiwa na skafu tu. Ndeti aliivaa mpaka mtu mmoja pale Malili alipomuuliza kama anaumwa jino, na baada ya hapo akawa anaivua akikaribia watu, kisha akaisahau nyumbani, kisha kuku akaiatamia. Kiapo ni kiapo, Ndeti alisema kila Nthenya alipojaribu. Kiapo cha mbele ya mkwe hakina dirisha. Basi kila asubuhi Nthenya aliisikia pikipiki ikishuka, ikididimia, ikimezwa na upande wa Sultan Hamud, na alijua kwamba huko mbele kuna kitu kinamlamba sauti yake kidogokidogo, naye ameketi anachagua maharagwe. Akaanza kumwita mumewe kwa kugonga sufuria. Baadaye alilazimika kugonga sufuria kubwa.

Miaka ilikwenda. Muthama alishaoa wakati Mzee Ndululu alipokuja kuwatembelea, amekonda, fimbo imemzidi urefu. Ndeti alikuwa amechuchumaa anakaza mnyororo wa pikipiki, mgongo kwa lango.

"Wakya," mzee alisema.

Ndeti akakaza mnyororo.

"Wakya."

Mzee alipiga fimbo chini. Alimwita Nthenya pembeni, akamwambia kwamba huyu mtu amerudia mambo yake. Mwenyewe hakuweza kwenda kuchungulia, maana mkwe hashikwi kichwa. Akamtuma yeye.

Nthenya alimkalisha mumewe juani, akamgeuza kichwa, akavuta sikio akatazama ndani. Ndeti alitulia kama mtoto anayetolewa chawa.

"Hamna kitu, baba."

"Tazama la pili."

"Nalo hamna."

Mzee alichora udongo kwa fimbo, akafuta kwa mguu, akachora tena. "Basi salamu yangu huwa inaishia wapi?" aliuliza, na hakuwa anamuuliza mtu. Nthenya alimletea kiti.

Siku ya soko mzee alirudi na donge la nta limefungwa kwenye gazeti. Alisema amemfungulia Ndeti kiapo, mbele ya Mungu na mbele ya wale wazee, waliokuwa hai na waliokwisha kufa. Nthenya amwambie azibe. Nthenya alikanda siku hiyohiyo, akafinyanga, akampelekea mumewe mkono kwa mkono, akamwelekezea kidole kwa mzee aliyekuwa ameketi anatazama pembeni kwa heshima. Ndeti alielewa. Alivitia masikioni, akaenda akaketi juu ya pikipiki bila kuiwasha. Alikaa hapo kitambo, uso kama wa mtu anayesikiliza habari za mbali. Kisha akavitoa.

"Mama Muthama," alisema kwa ile sauti kubwa ambayo siku hizi hakujua kuipima, "kelele haiko nje tena. Nikiziba, ninaifungia ndani."

Hata hivyo alivitia mfukoni ili mzee aone, akakanyaga kiki ya kuwashia.

Kwa sababu habari ya salamu ilikuwa imemfikia, Ndeti aliamua kwamba hatamkosea mtu mwingine tena. Tangu hapo alimjibu kila aliye na mdomo. Mdomo ukifunguka upande wowote, hata kwa kupiga miayo, yeye alisema "Aa" na kuinamisha kichwa.

Siku hiyo Nthenya alimfuata mpaka langoni, akamwambia aende polepole kwenye lami. Ndeti aliona midomo yake ikicheza.

"Aa," akasema kwa adabu zote, akaondoka.

Walimtazama akiteremka, binti na baba, na sauti yake ilipanda kilima kuwafikia waziwazi. Alimjibu mama aliyebeba maji. Akamjibu mbuzi. Pale kwenye kona aliinamisha kichwa na kumwitikia mzee mmoja aliyekuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu.