Ng'ombe wa Nalepo Mahakamani

Semina ya mawakili kuhusu sheria ya kufilisika ilikuwa ya siku tatu, na Aikaeli alitoka huko na cheti, mkoba wa plastiki na kiburi kidogo. Mwacheni awe nacho. Mwaka ule wa tisini na tano, biashara huria imeshika kasi, kila aliyekopa benki kununua lori au mashine alikuwa anaanguka. Mawakili wa Arusha waliozoea talaka na viwanja wakajikuta wanaletewa watu waliofilisika, na hawajui pa kuanzia. Mkufunzi, jaji mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, alirudia jambo moja mpaka wakamchoka: mdaiwa ataje kila alicho nacho. Akificha hata kuku, jela inamsubiri.

Mteja wa kwanza wa Aikaeli wa namna hiyo alikuwa mzee Lengai wa Oldonyo Sambu. Alikopa akanunua lori la kubeba mahindi. Wenye malori wakawa wengi, nauli ya mzigo ikashuka, kisha injini ikafa. Mahakama ikamtangaza amefilisika, ikamtaka alete orodha ya mali zake kwa kiapo.

Aikaeli hakutaka mambo ya kukisia. Akaenda mwenyewe hadi bomani, na viatu vyake vya mahakamani, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama wakili. Karibu maziwa."

Maziwa akayanywa haraka haraka. "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

"Wapo," alisema Lengai, akatazama pembeni. Kule Umasaini ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo kama viazi vya sokoni.

Basi Aikaeli akasimama langoni jioni ng'ombe wakirudi kutoka malishoni, akawahesabu mwenyewe. Arobaini na mmoja. Akauliza, "Kuna wa mtu mwingine humu?"

Mzee akalifunga lango. "Boma hili haligawanywi," alisema.

Na hapo, jamani, msomi akafunga daftari! Angemuuliza mwanamke yeyote pale anakamua yupi, angeambiwa yote. Thelathini kati ya wale walikuwa wa Nalepo, mjane wa kaka yake Lengai, ng'ombe walioachwa na marehemu kwa ajili ya wanawe wawili. Kila Januari Nalepo anauza mmoja, watoto wanakwenda sekondari. Lakini mwenye boma kuwagawa ng'ombe kwa maneno mbele ya mgeni ni sawa na kumwambia mjane afungashe aondoke. Lengai hakuweza. Hata aliposomewa orodha ofisini kwa Aikaeli, mtaa wa Themi, karani kakaa pale na mhuri wake, hakuweza. Akaapa, akatia sahihi. Alijua wakili kasoma, mambo yatakaa sawa huko mbele.

Hayakukaa. Msimamizi wa mufilisi, aliyepewa na mahakama kazi ya kuuza mali za mzee, alipotuma watu kuswaga ng'ombe wote arobaini na mmoja, Nalepo alishuka mjini kwa miguu. Aikaeli alimsikiliza mpaka mwisho. Alijua kosa ni la nani. Usiku na mchana akaandika maombi ya kurekebisha orodha, na Lengai akapanda kizimbani kueleza.

Wakili wa benki alikuwa Aristides, yule yule aliyekaa naye meza moja kwenye semina, wakagawana mandazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi yake, na aliijua.

"Mzee, sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Ulisomewa?"

"Nilisomewa."

"Leo unasema thelathini ni wa shemeji yako. Uliidanganya mahakama siku ile, au unaidanganya sasa?"

Aikaeli akasimama. "Mheshimiwa Jaji, kosa ni langu. Sikumuuliza ilivyopaswa."

"Wakili, wewe si shahidi," alisema jaji, kwa upole kabisa. "Ukitaka kutoa ushahidi, jitoe kwenye kesi, uape kama wengine. Mteja wako atafute wakili mwingine. Unajitoa?"

Lengai hakuwa na nauli ya kurudi kwake, sembuse wakili mwingine. Hiyo ndiyo sababu aliyojiambia Aikaeli. Ya pili hakujiambia, ila ilikuwepo: angeapa mbele ya mawakili wenzake wote kwamba hajui kazi. Akasema hajitoi, akakaa.

Mzee akamtazama Nalepo, kisha akaanza kutaja. Yule mwekundu mwenye baka, wa Nalepo. Ndama wake, wa Nalepo. Mmoja mmoja mpaka thelathini, mbele ya makarani na watu wa benki, machozi yanamtoka mzee mzima. "Nimeligawa boma langu," alisema. "Kama ni jela, nipelekeni."

Hawakumpeleka. Jaji alisema anamhurumia, lakini hakuna maandishi, na maelezo yamebadilika baada ya ng'ombe kufuatwa. Orodha ya kiapo ikabaki ilivyo. Wiki ile ile ng'ombe wote wakapigwa mnada.

Nje ya mahakama Nalepo alikuwa anamngoja Aikaeli. Aikaeli alijiandaa kutukanwa. Alitamani atukanwe.

"Shikamoo yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba, mwanangu. Ada haipo tena. Kaka yangu wa tumbo moja anasema anaweza kumlipia mtoto mmoja, wawili hawezi. Mimi sijasoma, wewe umesoma. Nimtoe yupi?"

Aikaeli alitaka kupiga magoti, aombe msamaha, aseme lolote. Kilichomtoka mdomoni ni swali.

"Wako darasa gani?"

"Mkubwa kidato cha tatu. Mdogo ndiyo kwanza kaanza."

"Mdogo," alisema Aikaeli. "Mtoe mdogo."

Nalepo akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru.