Mabawa Kumi na Tisa

Nilileta mabawa kumi na tisa, mtaalamu alikuwa ameweka ndege wake kumi na wawili, na hakuna mtu anayeweza kusema mitambo iliua wangapi. Hilo ndilo tatizo. Nimelizungusha kichwani karibu miezi mitatu na bado halijakaa sawa.

Kampuni inataka kusimamisha mitambo kumi na miwili ya umeme wa upepo juu ya kilima, upande wa bwawa. Miwili ya majaribio imeshasimama. Kabla ya kibali lazima wapime madhara: kelele, maji, udongo, na hasa ndege, maana kila mwaka makundi ya korongo na mwewe hupita hapo kwa wiki kadhaa. Nafasi namba tano iko katika shamba la dada yangu mkubwa. Wakijenga, atalipwa kodi ya ardhi miaka ishirini na mitano. Dada ni mjane, magoti yamechoka, na shamba lile ni mawe matupu. Hata mbuzi wakipita pale hawasimami.

Mtaalamu wa mazingira, binti mmoja mpole mwenye kofia pana, aliniajiri kutafuta mizoga. Siku arobaini, kila asubuhi, nilitembea kwa mistari chini ya mitambo ile miwili, hatua tano kati ya mstari na mstari, macho chini. Nikikuta ndege aliyekufa naandika mahali na saa, namtia kwenye mfuko, na dereva anaupeleka kwenye friza ya ofisi. Dereva huyo tunamwita Breki, kwa sababu hana haraka na lolote.

Sharti nililijua, na dada alilijua kuliko mimi. Mitambo ikiua zaidi ya ndege kumi kwa siku hizo arobaini, nafasi ya tano na ya sita zinafutwa, kwa kuwa ziko kwenye njia ile ile ya ndege. Wasipozidi kumi, zinabaki, ila mitambo itakuwa inazimwa saa ambazo makundi yanapita, na panga moja la kila mtambo litapakwa rangi nyeusi ili ndege walione.

Sasa, mimi nimeuza kuku miaka ishirini na miwili. Ndege simkosi. Lakini mifuko niliyopewa ilikuwa midogo, jua kali, na korongo mmoja akishalala chini ni mrefu kama mtoto wa shule. Nikafanya kama tulivyofanya machinjioni: kiungo kimoja kwa kila ndege, basi huwezi kuhesabu mara mbili. Nilikata bawa la kulia, nikalifunga vizuri, nikaandika tarehe. Kilichobaki nilikitupa bondeni, mbwa wakafanya yao.

Kitu kimoja kilinitatiza. Baadhi ya ndege walikuwa baridi. Saa mbili asubuhi, jua limeshapanda, unamshika ndege unadhani umeshika soda ya dukani. Nikamwambia mke wangu.

"Huko juu wanakoruka kuna baridi," nikamwambia. "Wanagandia kule kule."

"Juu wapi? Mapanga yenyewe nayaona nikiwa hapa dirishani."

"Basi nieleze wewe."

"Mimi nina masufuria ya kusugua. Waulize waliokuajiri."

Sikuuliza. Niliona aibu kuuliza kwa nini maiti ni baridi.

Siku ya arobaini na moja niliitwa ofisini. Mtaalamu alitoa mifuko yote kwenye friza, akaipanga mezani. Akafungua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaanza kufungua kwa haraka.

"Mzee, ndege wako wapi?"

"Si hao hapo?"

"Haya ni mabawa."

"Ndiyo. Kila ndege ana bawa moja la kulia. Hesabu, kumi na tisa."

Akakaa. Mlangoni Breki alikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Ndipo binti yule akanieleza. Ndege kumi na wawili walikuwa wa kwake. Waliokotwa barabarani na kwenye uwanja wa ndege, wakahifadhiwa kwenye friza, na Breki aliwatawanya kwenye mistari yangu siku mbalimbali, alfajiri kabla sijafika, bila kuandika kamweka nani wapi. Lengo ni kuona ningepata wangapi. Kila mmoja alifungwa uzi mweusi mguuni, ndio alama ya kumtambua.

"Mguuni," akarudia.

"Kwa hiyo mlinitega."

"Si wewe tu, mzee. Kila mtafutaji anapimwa hivyo. Hakuna jicho linaloona wote."

"Langu linaona."

Hakubisha. Aliniambia niende nyumbani nikafikiri, kesho nije nimwambie niliona nyuzi ngapi. "Usibahatishe, tafadhali. Unazozikumbuka kwa hakika."

Nilipitia kwa dada. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso, halafu akapiga hesabu hapo hapo.

"Kumi na tisa toa kumi na mbili, saba. Saba haizidi kumi. Sema uliona nyuzi zote, yaishe."

"Sikuziona zote, dada."

"Umejuaje, na miguu umetupa?"

Hapo alinishika. Sikujua, kweli.

"Si wewe unayetuambia kila siku hukosi ndege?" akasema. "Leo ndiyo unakosa? Leo, mdogo wangu, kwenye shamba langu?"

Kesho yake niliingia ofisini nikiwa na kumi na mbili mdomoni. Lakini yule binti aliuliza huku ameshika kalamu, karatasi iko tayari, na mimi mtu akiandika ninachosema nashindwa kumpa uongo. Nilikumbuka uzi kwa korongo mmoja, mwewe wawili na njiwa mmoja. Nilidhani ni nyuzi za magunia.

"Nne," nikasema. Nilijua kumi na tisa ukitoa nne ni kumi na tano, na kumi na tano inazidi. Nilitegemea tutavutana juu ya hao watano waliozidi.

Akaandika, akaandika tena, akageuza karatasi nione. Arobaini na watano.

"Hawa wametoka wapi?"

"Umepata wanne wangu kati ya kumi na wawili. Maana yake unaona mmoja katika kila watatu. Kwa hiyo wale kumi na watano uliowaona ni mara tatu."

"Hao thelathini wengine wako wapi?"

"Hukuwaona."

"Nani aliwaona?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyewaona, ila wamekufa."

"Kwa makadirio."

Nilitazama karatasi. "Kwa hiyo ningesema niliona nyuzi kumi na mbili, wamekufa saba. Nimesema nne, wamekufa arobaini na watano. Na mitambo ni ile ile, imezunguka vile vile."

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe nawaua kwa kutokuwaona?"

Alifunika macho kwa viganja. "Labda uliona nyuzi nyingine ukasahau. Sijui. Kosa ni langu pia, nilipaswa kufungua mfuko wa kwanza siku ile ile."

Nikauliza kama naweza kurudia siku arobaini, bure. Akasema makundi yameshapita, mpaka mwakani, na ripoti inatakiwa baada ya wiki tatu. Idadi isipojulikana, tathmini inaegemea upande wa ndege. Akavuta ramani, akapiga mstari juu ya namba tano, kisha juu ya namba sita. Nilitaka kukasirika. Sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu kila alichosema kilikuwa na maana kikiwa peke yake.

Gharama yake ni hii. Nafasi mbili kati ya kumi na mbili. Kodi ya miaka ishirini na mitano kwa dada, na nyingine kama hiyo kwa jirani wa namba sita, mtu ambaye hata salamu hatujawahi kupeana. Asubuhi zangu arobaini, ambazo kwenye ripoti zimepewa mistari miwili. Kazi ya mwakani, itakayopewa mtu mwingine. Ndege saba, au arobaini na watano, au idadi yoyote katikati. Na wiki kumi na moja ambazo dada yangu hajanisemesha.