Anayetembea Nyuma

Torvek alimfunga Ghesha mikono kwa kamba ya ngozi, akalivuta fundo kuhakikisha limekaza, kisha akamsukuma hadi mbele ya msafara.

"Wewe utatangulia," alisema. "Nataka nione masikio yako muda wote."

"Mkuu, mimi hutembea nyuma. Kazi ya njia hufanywa nyuma."

"Nyuma yangu hakai fisi."

Wapagazi walicheka. Silsa, mpishi wa msafara, alikuwa akifunga masufuria mgongoni mwa nyumbu wake. Naye akatia lake. "Hata huko mbele mimi sina raha, mkuu. Huyo akituongoza, atatuongoza mpaka tumboni mwake."

"Wewe usihofu," mpagazi mmoja alimjibu. "Kwa mafuta hayo, atakuweka akiba ya kiangazi."

Ghesha alikuwa Mdrashi, na Wadrashi wana nyuso za fisi: pua nyeusi, masikio ya duara, taya pana, na nywele ngumu zinazoshuka kutoka kisogoni hadi kiunoni. Kwa watu wa Belkarr, hayo yalitosha kuwa ushahidi. Mbuzi akipotea, aliliwa na Mdrashi. Mtoto akichelewa kurudi, watu walishika marungu kabla ya kuulizana. Ndivyo alivyokamatwa Duru, mdogo wake Ghesha. Alikutwa karibu na mzoga wa kondoo, na hakuna aliyetaka kujua zaidi. Sasa alikuwa kizuizini katika lango la Belkarr, akingoja kunyongwa.

Daraja la juu lilikuwa limesombwa na mafuriko. Njia pekee iliyobaki ya kufika Belkarr ilikuwa Korongo la Hamet, na waliolijua korongo hilo walikuwa Wadrashi. Torvek alikuwa na chumvi ya kupeleka, na mkuu wa lango alikuwa kaka yake. Kwa hiyo alimpa Ghesha sharti moja.

"Tukifika wote, Duru atatoka akiwa hai. Nakuapia. Akipungua mtu mmoja tu, basi."

Kisha akaichukua kamba ya ngozi.

Kwa Wadrashi, mbele ya safari ni mahali pa watoto, wajawazito na wagonjwa. Mwenye nguvu kuliko wote hutembea mwisho, kwa sababu kifo cha korongoni huja kwa nyuma. Kumweka mtu mzima mbele ni kumwita mtoto mchanga. Ghesha aliimeza dharau hiyo kwa ajili ya Duru. Hata hivyo, kabla ya kupiga hatua aligeuka kuona ni nani aliyekabidhiwa nyuma.

Alikuwa mzee. Aliitwa Ombrin, muuza chumvi mwembamba mwenye ndevu nyeupe na fimbo ya mti mchungu. Alisimama peke yake nyuma ya nyumbu wa mwisho. Ghesha alimtazama kwa mshangao, kisha kwa heshima. Mzee mwembamba namna ile, na msafara mzima umemwachia nyuma. Bila shaka alikuwa na jambo alilolijua. Ghesha alilaza masikio yake kumsalimu. Ombrin, asiyeelewa, alimpungia mkono.

Basi moyo wa Ghesha ukatulia. Tangu hapo hakutazama tena nyuma, kwa maana kwao, kumgeukia mlinzi wa nyuma ni kumtukana: ni kumwambia kwamba humwamini.

Waliingia korongoni asubuhi. Kuta za mawe zilipanda pande zote mbili mpaka anga likabaki ufa mmoja. Upepo ulivuma kutoka mbele, ukamletea Ghesha harufu ya maji na ya ukoka uliolowa. Yaliyokuwa nyuma yake hayakumfikia puani hata kidogo. Lakini huko nyuma kulikuwa na mlinzi.

Walipumzika kwenye chemchemi. Watu walikuwa wamekwisha kunywa, na nyumbu wamekwisha kunyweshwa, ndipo Ombrin alipotokea akihema. Alikuja moja kwa moja akaketi kwenye jiwe alipokuwa Ghesha, pasipokuwa na mtu mwingine. Akatoa kipande cha jibini, akakikata, akampa nusu.

"Kula, binti. Usiniangalie hivyo, sijakitia sumu."

"Nashukuru, mzee." Ghesha alikipokea kwa mikono yake iliyofungwa. "Huko nyuma kukoje?"

"Nyuma?" Ombrin alipapasa goti lake. "Kimya tu. Ila kuna vijiwe vinaporomoka poromoka."

"Kutoka wapi?"

"Juu kule, ukingoni. Nikisimama vinanyamaza. Nikitembea vinaanza tena." Akatafuna jibini lake polepole. "Milima hii imezeeka, hata yenyewe inabomoka."

Nywele za shingoni mwa Ghesha zilisimama. Alimjua mwenye kuporomosha vijiwe kwa namna hiyo. Alikuwa chui wa korongo, anayemfuata mtu juu ya ukingo na kusubiri aachane na wenzake. Ombrin alikuwa akitafuna tu. Hakuwa na haraka wala hofu. Mlinzi anayejua kwamba chui yuko juu ya kichwa chake na bado akagawa jibini, Ghesha alikuwa amemsikia katika masimulizi ya bibi yake. Hakuwahi kukutana naye.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "ni heshima kutembea mbele yako."

Ombrin alimkodolea macho. "Haya, binti," alisema. "Na wewe pia."

Mchana, ukungu ulishuka. Njia ilikuwa nyembamba sasa, na nyumbu walipita mmoja mmoja. Silsa alikuwa nyuma tu ya Ghesha, kwa sababu nyumbu wake hakukubali kufuata mkia wa mwenzake. Kwa mwendo wa saa nzima alikuwa akijizungumzia mwenyewe kuhusu viatu vyake. Ghesha alikuwa amejizuia muda mrefu, lakini udadisi ulimshinda.

"Dada, yule mzee wenu wa nyuma. Ameua chui wangapi?"

"Nani, Ombrin?" Silsa aliangua kicheko. "Yule hata kuku humshinda mbio."

"Basi kwa nini amewekwa nyuma?"

"Nani kamweka? Goti lake bovu. Sisi tunatembea, yeye anabaki. Ndiyo kazi yake tangu namjua."

Ghesha alisimama. Nyumbu wa Silsa alimgonga mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aligeuka akatazama nyuma. Aliona wapagazi, magunia na nyumbu wa mwisho akitikisa masikio. Baada ya hapo ulikuwapo ukungu tu.

Mdrashi akiogopa hucheka. Hapangi kucheka, kama vile binadamu asivyopanga kutetemeka. Kicheko kilimpanda Ghesha kutoka tumboni. Alibana taya, lakini sauti ilimtoka puani, nyembamba, ya kukatika katika. Kila mtu aliisikia.

Torvek alikuja akipenya kati ya nyumbu, mshale tayari upindeni. "Unacheka nini?"

"Mzee hayupo, mkuu. Kuna chui. Niachie nirudi."

Torvek alitazama nyuma. Uso wake ulibadilika rangi. "Ombrin," aliita. Korongo lilimrudishia jina hilo mara kadhaa, kisha likanyamaza.

"Niachie nirudi," Ghesha alirudia.

"Ulijua. Ulijua kuna chui, ukanyamaza."

"Nilidhani yeye ndiye mlinzi. Kwetu anayekaa nyuma ndiye—" Kicheko kilimkata maneno. Aliuma ulimi wake mpaka akaonja damu.

"Mtazameni," Torvek aliwaambia wapagazi. "Mwoneni anavyofurahi. Ametupitisha hapa ili wenzake wale." Alivuta uzi wa upinde. "Piga hatua moja tu, nikuchome."

Ghesha alipima lililokuwa mbele yake. Akibaki, Ombrin angekufa, na Duru angenyongwa. Akienda, huenda yeye angekufa kwanza. Hakuona la tatu.

"Nichome, basi," alisema, akaruka juu ya magunia.

Mshale ulipasua sikio lake la kushoto. Hakusimama. Alikimbia akiwa ameinama, mikono iliyofungwa ikigusa ardhi, na sasa upepo ulimsukuma mgongoni. Alipita kona ya kwanza na ya pili. Kwenye kona ya tatu ukungu ulikuwa mwepesi, akamwona.

Ombrin alikuwa amejibanza katika ufa wa mwamba, fimbo yake ameinyoosha mbele kwa mikono miwili. Mguu wake mmoja ulikuwa umechanwa. Juu ya jiwe lililokuwa mbele yake, chui alikuwa amelala kifudifudi, mkia ukipigapiga, akiitazama fimbo kama paka anayetazama uzi.

Ghesha hakuwa na mikono wala silaha. Alikuwa na meno tu, na hofu iliyomjaa hadi kooni. Aliiachia hofu hiyo itoke.

Kicheko kilipasuka korongoni. Kuta zilikidaka, zikakirusha kwenye kuta nyingine, kikarudi kikiwa vicheko kumi, kikiwa ukoo mzima wa Wadrashi unaoshuka kutoka kila upande. Chui aliruka akageuka. Alitazama juu, akatazama nyuma yake. Chui mmoja huwa hagombani na ukoo mzima. Lakini Ghesha alikuwa karibu mno, na chui hakuthubutu kumpa mgongo. Alimjia.

Ghesha alihisi kucha zikimchana bega. Alifunga taya kwenye mguu wa mbele wa chui, akasikia mfupa ukilia. Chui alinguruma, akajinasua, akageuka na kuyoyoma ukunguni akichechemea, upande ambako msafara ulitoka asubuhi.

Midomo ya Ombrin ilikuwa myeupe kama ndevu zake.

"Nifungue mikono, mzee."

Ombrin alilivuta fundo. Torvek alikuwa amelikaza vizuri. Mzee alitikisa kichwa, kisha kikamlegea. Alikuwa amezimia.

Hapakuwa na njia nyingine. Ghesha aliinama, akauma ukosi wa koti lake, akaanza kumburuta. Alifanya kama mama zake wote walivyofanya kwa watoto wao tangu dunia ianze. Alijua jinsi atakavyoonekana. Alijua pia kwamba anayebeba mzigo kinywani hawezi kujieleza.

Torvek na wapagazi wawili walikuwa wamesogea hadi kona ya kwanza. Walimwona akitokea ukunguni, kinywa chake kikiwa chekundu hadi puani, Ombrin akining'inia kwenye meno yake. Mpagazi mmoja alipiga magoti akatapika. Torvek aliinua upinde.

Ghesha aliona ncha ya mshale. Kicheko kilianza tena tumboni mwake. Alimlaza Ombrin chini taratibu, karibu na miguu ya Torvek. Kisha akamzunguka mzee, akaketi nyuma yake. Aliutazama ukungu alikokimbilia chui, na mgongo wake akaupa upinde.

Uzi wa upinde ulilia kidogo ulipozidi kuvutwa.

"Mkuu." Ilikuwa sauti ya Silsa, aliyekuwa amewafuata akiwa bado ameshika kamba ya nyumbu. "Angalia alikokaa."

"Ondoka hapo, mwanamke."

"Fisi akiwa na mzoga wake, huukumbatia akakutolea wewe meno. Huyu meno kayaelekeza huko, na kakupa mgongo. Ni nani anampa mgongo mtu anayetaka kumpiga mshale?" Silsa alisogea, akaweka mkono wake mnene juu ya upinde, akaushusha. "Na koti la mzee linapanda na kushuka. Anapumua. Huoni?"

Torvek alitazama koti. Hatimaye alichomoa kisu chake, akamwendea Ghesha kwa upande, kama mtu anayemsogelea nyumbu mwenye mateke, akakata kamba ya ngozi.

"Unataka kutembea wapi?" aliuliza bila kumtazama.

"Nyuma."

Walimpakia Ombrin juu ya nyumbu wa Silsa, na masufuria yakabebwa na wapagazi. Nyumbu huyo alitangulia msafara. Torvek alitembea wa mwisho kabla ya Ghesha. Aligeuka kila walipopita jiwe kubwa, mkono wake ukiwa kwenye kisu. Kuelekea jioni, korongo lilipoanza kupanuka, aliacha kugeuka. Huenda alichoka tu.

Lango la Belkarr lilikuwa bado wazi. Kaka yake Torvek alitoka na ufunguo kiunoni, akapitisha macho juu ya msafara, akamwona Ghesha na damu iliyokauka kifuani mwake.

"Nani kapungua?"

Neno moja la Torvek lingetosha, na kila mtu pale alilijua hilo. Juu ya nyumbu, Ombrin alikohoa.

"Niko hapa, kama ni mimi unayenitafuta," mzee alisema kwa sauti ya mkwaruzo. "Mlipe binti wa watu."

"Wote wamefika," Torvek alisema. "Mtoe kijana."

Walimtoa. Duru alikuwa amekonda, lakini alitembea kwa miguu yake. Alipomwona dada yake, mdomo wake ulifunguka, na Ghesha akaona. Walikuwa wameyakata meno yake kwa tupa, yote, hadi kwenye ufizi.

Ghesha alimgeukia Torvek.

"Nilisema hai," Torvek alisema. Aliyasema hayo akitazama chini, kisha akaingia ndani ya lango.

Mbele yao ilikuwa njia ya kurudi, na korongo, na chui mwenye jeraha na njaa. Duru alisogea nyuma ya dada yake, mahali ambapo kijana wa umri wake hujivunia kukaa.

"Tangulia," Ghesha alimwambia.

"Mimi si mtoto, dada." Maneno yalimtoka yakipuliza upepo.

"Najua. Tangulia."

Duru alimtazama, kisha akalaza masikio, akapita mbele. Ghesha alimfuata. Walipokuwa wamefika mbali kidogo, kicheko kilimpanda, naye hakukizuia. Walinzi waliokuwa langoni walikisikia, wakacheka na kusemezana kwamba fisi yule anafurahi kumpata ndugu yake. Ni Ombrin peke yake, aliyekuwa bado juu ya nyumbu, ambaye hakucheka pamoja nao.